Kitabu Kilichokuwa Karibu na Mkono

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza. Jambo ninalotaka kukueleza lina mikunjo mingi, na mimi kazi yangu ni kuuza maturubai ya malori, kwa hiyo nimezoea kukunjua kitu taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Pale nitakapochanganyikiwa nitakwambia. Na wewe ukichanganyikiwa usiogope, maana mwanamke huyu nimemfahamu kwa miaka mingi na bado kuna mahali simwelewi.

Tulimwita Wakala. Siku hizi ukisikia neno hilo unafikiria kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwenye simu. Yeye alikuwa wakala wa forodha hapa Tunduma, yaani mtu anayeshughulikia nyaraka za mzigo wako ili lori livuke kwenda Zambia au liingie kutoka huko. Mwenye mzigo anaweza kuwa Dar es Salaam au Lubumbashi na asiwahi kukanyaga hapa. Wakala ndiye macho yake na miguu yake. Na kwa kuwa anajua kilichomo ndani ya lori kabla turubai halijafunguliwa, wakala huyajua mambo ya kesho ya mji huu kabla ya sisi wengine. Hilo likumbuke, maana ndipo mkanganyiko wote ulipoanzia.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo malori yakipanga foleni unasikia injini zao hadi kitandani. Katika vyumba vya nyuma aliishi, na chumba cha mbele alikifanya maktaba. Nikisema maktaba usifikirie jengo. Ni chumba kimoja chenye rafu za mbao za makreti, mabenchi ya kuzunguka ukuta, na kibaraza mbele yake. Vitabu alivipata kwa madereva, kwa walimu waliohamishwa, na kwa wauza mitumba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambao mara nyingine hukuta vitabu katikati ya nguo. Jumamosi mchana, shughuli zikipungua, wafanyabiashara walikusanyika pale.

Nakwambia haya kwa sababu chumba hicho kiliingia mashakani. Wakala ameacha kazi, amerudi kwao Isongole, upande wa Ileje. Ufunguo aliniachia mimi akasema niushike kwa sasa, na hakueleza hiyo sasa inaishia wapi. Kuna mfanyabiashara wa vigae aliyekitaka chumba kiwe stoo yake. Wakala alimjibu kwamba mvua zikianza na chumba hakina wasomaji, akichukue. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, nalo liliangukia mabegani mwangu: wanaokuja pale, ni wasomaji au si wasomaji? Nimelizunguka swali hilo kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya msonge gizani. Nikueleze alivyokuwa, labda wewe utauona mlango.

Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta wateja. Nilikuwa nimetoka kwetu Hasamba, nyumbani kwenye kahawa, nikiwa na maturubai machache na kadi za biashara nilizochapisha Vwawa, zenye jina langu kwa rangi ya dhahabu. Jirani yangu wa dukani aliniambia, ukitaka kuwajua wenye malori, Jumamosi nenda kwa Wakala. Nikaenda na kadi kwenye mfuko wa shati. Nilipoanza kuzigawa, Wakala alinyoosha mkono akazichukua zote, akasema asante, akapita kwenye rafu akichomeka kadi moja katika kila kitabu kisicho na alama ya ukurasa. Sikujua nicheke au nidai. Kisha akanipa kitabu na kunionyesha pa kukaa.

Sasa elewa utaratibu wake, maana bila hilo huwezi kuelewa kingine. Ndani ya chumba hairuhusiwi kuzungumza biashara. Bei, mzigo, soko, yote hayo ni ya kibarazani. Ndani unasoma. Tena ndani huruhusiwi kujitambulisha mwenyewe. Aliyekaa kulia kwako ndiye anayekutambulisha, na anasema jambo moja tu: unasoma nini na umefika wapi. Kwa hiyo inabidi umuulize jirani yako usiyemjua kuhusu kitabu chake, na mwingine akuulize wewe chako.

Siku ile kulia kwangu alikaa mama wa Kizambia anayeuza nguo Nakonde, tunayemwita Ba Mayo, ndivyo wanavyomwita mama kwa Kibemba. Aliniuliza kitabu changu kinasema nini. Nikamwambia ni cha mwindaji aliyepotea porini na mbwa wake, nikamwonyesha nilipofika. Zamu yetu ilipofika alisimama akasema, "Huyu anasoma cha mwindaji. Amefika pale mbwa anapokufa, na ameumia." Sikuwa nimemwambia kwamba nimeumia.

Tulipotoka kibarazani kunywa chai, mwenye malori mmoja alinifuata. Hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Wewe wa mbwa, hivi huyo mwindaji alimzika?" Nikamwambia bado sijafika. Akaniuliza nafanya kazi gani. Huyo mpaka leo ni mteja wangu mkubwa kuliko wote, na kwa muda mrefu kwenye simu yake nilikuwa nimeandikwa Mbwa.

Na zile kadi? Nilipigiwa simu na dereva aliyekuwa Mbala, kule Zambia. Alikuwa amesoma kitabu cha Wakala njiani, akafika ukurasa wa kadi yangu siku ile ile turubai lake lilipochanika. Baadaye akapiga mwingine. Nilimuuliza Wakala kama alizichomeka makusudi ili zinitafutie wateja. Alisema alichoka kuona watu wanakunja pembe za kurasa. Hapo nikachanganyikiwa kidogo tu, nikadhani yatapita.

Kizingiti cha chumba alikiita mpaka. Mtu akisoma huku ana jambo la bei linalomwasha, ataweka kitabu benchini, atatoka nje aseme na mwenzake, kisha atarudi. Ungekaa barabarani ungeona watu wazima, wengine na matumbo yao, wakiingia na kutoka kama kuku wa jirani. Kila anayerudi ndani Wakala alimwambia, bila kuinua macho, "Gonga muhuri." Na mtu aligusa fremu ya mlango kwa ngumi. Hata ofisa mmoja wa wilaya aliyealikwa kuwa mgeni rasmi aligonga. Alikuwa ameandaa hotuba. Wakala akampa ukurasa wa kusoma kwa sauti, na kwa kuwa hakuwa amebeba miwani, alisoma kwa miwani ya Ba Mayo, yenye fremu za waridi. Alirudi Jumamosi iliyofuata bila mwaliko.

Yeye mwenyewe alisoma polepole sana. Kazini alikuwa mwepesi, anaongea na simu mbili na kuandika na kumkemea dereva kwa wakati mmoja, lakini mbele ya kitabu midomo yake ilitembea kama ya mtoto wa darasa la pili. Alianzia mwisho. Alisema hawezi kusafiri bila kujua mzigo unashushwa wapi. Sokoni alibishania fungu la nyanya mpaka muuzaji akamwambia chukua bure uondoke, lakini kitabu alikinunua kwa bei iliyotajwa, hata kama kilikuwa hakina jalada. Alidai kimya ndani ya chumba, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mtu akianza kusifu vitabu, kwamba ni hazina, ni taa, alimkatisha: "Umesoma kipi?" Wengi walikuwa hawajasoma chochote.

Sasa tuje kwenye asali.

Kuna mzee anayenunua mahindi Ndalambo na kuyaleta hapa mjini. Tunamwita Mzee wa Ndalambo, na ni mtu wa mizaha. Jumamosi moja Wakala alimwazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mzee akatoka nacho mkononi, jalada limeangalia nje, akapita nacho soko zima. Kabla jua halijazama, watu walikuwa wanaulizana kwa nini mtu wa mahindi apewe nyuki. Wakaambizana: Wakala anajua kinachokuja, na mizigo ya watu hawezi kuitaja kwa mdomo, basi ameitaja kwa kitabu. Siku chache baadaye fundi seremala wa mtaani kwetu alikuwa na oda za mizinga kuliko za vitanda. Watu wakatuma ndugu zao Ileje kununua asali. Kule Isongole akina mama waliozoea kuiuza kwa chupa waliona vijana wa Tunduma wanashuka na ndoo, wakapandisha bei na kuendelea kushangaa.

Kibarazani walimuuliza Wakala waziwazi. Alijibu, "Aliniambia macho yanamsumbua. Hicho ndicho kina herufi kubwa."

Wakaitikia kwa vichwa, kama watu walioambiwa jambo la siri. Mzee wa Ndalambo akasema, "Herufi kubwa. Tumesikia, mama." Na wote wakacheka chini chini.

Ingeishia hapo ningekwambia watu ni wajinga na tungeendelea. Lakini baada ya muda alikuja mnunuzi kutoka Lusaka akitafuta asali, lori zima. Na nyaraka za mzigo huo zilishughulikiwa na nani? Na Wakala. Waliokuwa na ndoo waliuza vizuri. Alipoulizwa tena alisema ni bahati. Mimi nilikwenda rafuni, nikakifungua kile kitabu. Kweli herufi zake ni kubwa. Lakini pembeni yake vilikuwepo vitabu vingine vya herufi kubwa, kimoja cha hadithi za watoto, kingine cha nyimbo. Kwa nini mkono wake uliacha hivyo ukashika cha nyuki?

Tangu hapo hakuna kitabu kilichotoka chumba kile bila kusomwa jalada na mtaa mzima. Mfanyabiashara wa chumvi alipewa kitabu cha kutengeneza sabuni. Akanunua mafuta na magadi, akachemsha uani wiki nzima, sabuni ikakataa kuganda, mkewe akaimwaga kwenye mtaro na mtaro ukatoa povu hadi barabarani. Ungedhani imani ingekufa siku hiyo. Hapana. Walisema Wakala alimaanisha kitu kingine, yule wa chumvi hakuelewa. Nilijaribu kuwaeleza, kama ninavyokueleza wewe, kwamba ishara isiyoweza kukosea haiwezi pia kupatia. Waliniambia, "Turubai, wewe umepewa cha mbwa, ndiyo maana una wivu."

Hiki ndicho kilikuwa kinaninyima raha. Watu walijaa, mabenchi hayakutosha. Walikuja wauza saruji na wenye mashine za kukoboa, walikuja wakulima wa kahawa kutoka Mbozi kutafuta wanunuzi, na kila mmoja aliondoka na kitabu kwapani. Lakini walikuja kwa ajili ya nini? Kama Wakala alikuwa anatumia vitabu kukusanya wafanyabiashara, basi ile haikuwa maktaba. Kama alikuwa anatumia biashara kukusanya wasomaji, basi alikuwa mwalimu mjanja kuliko wote niliowahi kuwaona. Na kama hakuwa anatumia chochote, alikuwa tu mwanamke anayependa chumba chake kiwe na watu, basi sisi wote tulikuwa tunajisumbua.

Kuna siku nilidhani nimepata jibu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mbozi alikuwa ameandika kitabu kidogo kuhusu kahawa ya zamani, jinsi wazazi wake walivyofyeka msitu na kupanda miche ya kwanza. Wakala akamwalika kije kizinduliwe. Mwalimu alikuja na suti, akatarajia meza kuu na kitambaa. Akapewa benchi kama sisi wote, akaambiwa asome ukurasa mmoja. Alisoma mahali ambapo mama yake, akiwa na mtoto mgongoni, anapoteza shoka porini, na lilikuwa shoka pekee la nyumba. Kisha tukatoka kibarazani kwa maswali.

Wafanyabiashara waliuliza kama wanavyojua kuuliza. Katoni moja inabeba vitabu vingapi. Vikilowa vinafaa tena au ndiyo basi. Mtu akichukua vingi mwalimu atashusha kiasi gani. Maskini mwalimu alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu aliyepanda gari lisilo lake. Niliona aibu kwa niaba yake. Ndipo Mzee wa Ndalambo aliposimama, nikajua sasa anakuja na mzaha.

"Mwalimu," akasema, "lile shoka. Mama alilipata?"

Hata aliyekuwa anamimina chai aliacha. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Halikupatikana. Lakini hata alipozeeka, akipita njia ile alikuwa anaangalia chini."

Mzee wa Ndalambo akakaa. Baadaye mfanyabiashara wa chumvi alichukua vitabu vyote vilivyobaki, akavipakia juu ya chumvi yake kwenda Sumbawanga, na turubai lililovifunika lilikuwa langu. Nikajiambia, haya, hawa ni wasomaji. Nikafurahi. Halafu wakati wa kuondoka nikamsikia Mzee wa Ndalambo akimnong'oneza mwenzake: "Unadhani shoka maana yake mbao?"

Ndivyo ilivyokuwa kila mara.

Alipoondoka kwenda Isongole nilidhani kuendesha chumba ni kazi rahisi. Kufungua mlango, kufagia, kuchemsha chai. Jumamosi ya kwanza nilimpa mtu kitabu, akanitazama machoni muda mrefu, akasema, "Sawa. Nimekupata." Nikamwambia hakuna cha kunipata, mimi ni muuza maturubai, sijui mzigo wa mtu. Nikasimama katikati ya chumba nikawaeleza wote, kwa upole na kwa mifano, kwamba kitabu ni kitabu. Nilidhani ukweli utawaleta karibu zaidi. Jumamosi iliyofuata walikuja wachache. Iliyofuata wakapungua tena. Ba Mayo akaniambia kwa huruma, "Mwanangu, umewanyang'anya kitu na hujawapa kingine."

Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Mbozi, na yule wa vigae alipita dukani kwangu kunisalimia mara nyingi kuliko mtu mwenye nia njema. Nikaona niende Isongole nikamuulize Wakala mwenyewe, nimalize.

Nilimkuta uani akianika maharage. Nilitambua turubai alilotandaza, lile la kijani, nililomuuzia mimi. Pembeni yake alikaa bibi mmoja jirani, akichambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Turubai. Umekuja na mvua au umeikimbia?"

Nilimwambia mvua bado. Nikakaa chini, nikapewa maharage ya kuchambua, maana kwake hakuna anayekaa na mikono mitupu. Nikamweleza yote, watu wanavyopungua, yule wa vigae, na swali langu. Nikamuuliza, vile vitabu vilikuwa ishara au havikuwa ishara?

"Nikikwambia ndiyo, utafanya nini?"

"Nitawaambia watu."

"Na nikikwambia hapana?"

"Nitawaambia watu."

"Sasa nauli umetoa ya nini?" Akatupa jiwe lililokuwa katikati ya maharage. "Mizigo ya watu sikuisema hata kwa mume wangu, Mungu amrehemu. Nije kuisema kwa kitabu?"

Nikashusha pumzi. Hilo lilikuwa jibu, na nilikuwa tayari kunyanyuka. Lakini hakuwa amemaliza. Alichambua kidogo, akacheka peke yake, akasema, "Ila mkono nao una akili zake. Siwezi kuuapia."

Ukiniuliza maana ya maneno hayo, siwezi kukusaidia. Nilimwomba afafanue. Badala yake akaniuliza watu wanakuja chumbani wakitafuta nini. Nikasema biashara. Wanaondoka na nini? Nikasema biashara, na kitabu.

"Forodhani mtu akiingia na mzigo mmoja akatoka na miwili, lazima aulizwe," akasema. "Mimi nimeuliza watu maisha yangu yote. Pale chumbani nilipumzika kuuliza."

Yule bibi jirani alikuwa ananitazama muda wote bila kujua mimi ni nani. Wakala alikuwa amekaa kulia kwangu. Akanigusa bega, akamwambia, "Huyu anasoma kile cha kahawa cha mwalimu, anakirudia. Amefika kwenye shoka."

Nilishtuka. Nilikuwa kweli ninakirudia, na asubuhi ile njiani nilikuwa nimefika kwenye shoka. Sikuwa nimemwambia mtu. Kitabu kilikuwa mfukoni mwa koti, labda pembe yake ilichungulia, labda kadi niliyoweka alama ilionekana. Labda.

"Shoka gani?" bibi akauliza.

Nikamsimulia. Msitu, mtoto mgongoni, shoka pekee la nyumba. Nilipofika mahali ambapo mama amezeeka na bado anaangalia chini, bibi aliacha kuchambua. Akasema, "Na mimi ningefanya hivyo hivyo." Kisha akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema wao wenye maharage pale kijijini wanaanikia kwenye magunia yaliyopasuka, na kama nina maturubai kama hili la kijani nilete, atawaambia wenzake. Nikamgeukia Wakala. Alikuwa ameinamia maharage, midomo yake inatembea kidogo kama anasoma.

Sikumuuliza tena. Nilirudi Tunduma bila jibu na nikiwa na oda.

Jumamosi iliyofuata nilifungua chumba. Sikueleza chochote. Walikuja Ba Mayo, Mzee wa Ndalambo na wengine wawili watatu. Mbingu zilikuwa nyeusi toka asubuhi. Mchana akaingia yule wa vigae na futi ya kupimia, akasalimia kwa adabu, akaanza kupima ukuta wa dirishani. Akaniomba nimshikie ncha ya futi. Mimi nilikuwa napanga rafu, mikono imejaa vitabu. Nikaviweka rafuni, kimoja kikabaki, pa kukiweka hapakuwepo, nikampa yeye akishike.

Akakitazama. Kilikuwa kitabu cha zamani cha jiografia, sura ya mito. Futi ikajirudisha yenyewe na kulia mkononi mwake.

"Turubai. Kwa nini umenipa hiki?"

"Kilikuwa karibu na mkono."

Nakuapia huo ndio ukweli. Alinitazama, akatabasamu polepole, tabasamu lile lile walilompa Wakala siku ya asali. Benchini Mzee wa Ndalambo alikuwa ameshaliona jalada. Alisimama akatoka kibarazani na simu sikioni, nikamsikia akisema mito, ndiyo, mito, sijui kama ni madaraja au ni mpunga.

Yule wa vigae akakaa. Akafungua ukurasa wa kwanza wa sura ile, kisha wa pili. Ba Mayo, aliyekuwa kulia kwake, akamsogelea na kumuuliza amefika wapi. Akasema amefika mahali ambapo mto unaanza mdogo tu, mtu anauruka. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekumbuka mto fulani wa kwao, lakini pia huenda alikuwa anapiga hesabu. Sikuweza kutofautisha. Ndipo mvua ilipoanza kupiga bati, nzito, na ndani ya chumba alikuwemo msomaji, naye alikuwa yeye aliyekitaka chumba.

Hakuinua kichwa. Alipomaliza ukurasa alitoka nje kupiga simu, akarudi, na kabla hajakaa nikamwambia agonge muhuri. Akagonga.

Kwa hiyo ukifika Tunduma siku ya Jumamosi mchana, uliza chumba cha Wakala. Kadi zako nipe mimi. Ingia, chukua kitabu kilicho karibu na mkono wako, kaa benchini, na umuulize aliye kushoto kwako amefika wapi, maana wewe ndiye utakayemtambulisha.